Mkono Usiojua Baridi

Ganzi ilinianzia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, asubuhi moja nikichambua sombe, majani ya muhogo. Nilidhani nimeulalia mkono. Nikaukung'uta, nikaupiga pajani, nikaendelea na kazi. Jioni ilikuwa imeshika na kidole cha pili, na kabla wiki haijaisha ilikuwa inapanda na kushuka inavyotaka, toka shingoni nyuma ya sikio, ikipita begani na kwenye kiwiko hadi kwenye ncha za vidole, kama siafu wanaohama.

Huku kwetu Kindu mtu akiugua, mtaa mzima unageuka waganga. Jirani wa upande mmoja alisema ni presha. Wa upande wa pili alisema ni sukari, maana yeye mwenyewe ana sukari na hapendi kuwa nayo peke yake. Shemeji yangu alisema kosa ni mto, nilale bila mto. Nikalala bila mto, nikaamka na ganzi ileile na juu yake shingo iliyokakamaa. Mama mmoja wa sokoni alinichua kwa mafuta ya mawese yaliyochemshwa na tangawizi mpaka nikanukia kama mboga. Yote hayo niliyapokea. Mgonjwa haulizwi uji, nami sikuulizwa.

Sababu moja tu ilinichukiza, na ndiyo hiyo iliyokimbia kuliko zote. Walisema mkono wangu umeingiwa na baridi ya maiti.

Mimi ni muosha maiti. Mwanamke wa Kiislamu akifariki mtaani kwetu, mimi na wenzangu ndio tunaoitwa kumwosha, kumpaka kafuri na kumvika sanda. Kazi hii haina mshahara wala haina mashabiki. Watu wanakuheshimu, lakini wakikuona unakuja na ndoo yako wanawaita watoto ndani. Na huku kwetu inaaminika kwamba baridi ya maiti si sawa na baridi ya maji. Inaingia kwenye mkono wa anayeosha na kukaa mfupani. Ndiyo maana tukimaliza kuosha tunasogea kwenye mbabula, jiko la makaa, tunanyoosha mikono juu ya moto na kuigeuza pande zote mbili kabla ya kumgusa mtu aliye hai. Wanawake walionifundisha walifanya hivyo, nami nimefanya hivyo kila mara. Sasa mtaani walikuwa wakisema kwamba kuna msiba nilioondoka bila kuota moto. Msiba gani, hakuna aliyejua. Lisemwalo lipo, wakasema, na wakaridhika.

Aliyelishika jambo hili kwa mikono miwili ni binti yangu, wa kwanza na wa pekee niliyebaki naye. Anauza maandazi karibu na kituo cha gari la moshi, ana sauti ya kuuzia maandazi, na hata nyumbani haishushi.

"Mama, ile kazi iishe," alisema. "Ule mukono njo alama."

"Alama ya nini?"

"Ya wale maiti unaoshaka. Leo mukono, kesho ni mwili muzima. Nani atakuangalia? Si mimi?"

Nilimwambia anyamaze. Hakunyamaza. Katika hilo amenirithi mimi.

Ingekuwa ni kuacha kazi tu, labda ningekubali. Nimechoka, na magoti yangu hayapendi tena kupiga magoti. Lakini nilikuwa na deni la kiapo kwa dada yangu mkubwa, ambaye nilimwita yaya tangu nilipojifunza kusema, na yaya alikuwa anakufa. Miguu yake ilikuwa imevimba, pumzi ilimwishia akitoka tu kitandani kwenda mlangoni, na dawa zilikuwa zimefika mwisho wa nguvu zake. Nilimwahidi kwamba akifa nitamwosha mimi, kwa mikono yangu. Ahadi hiyo niliitoa wakati wa vita, na ili ieleweke inabidi nirudi huko, ingawa sipendi.

Katika vita ile ya pili ya nchi yetu, Kindu ilifungwa kama chungu kilichofunikwa. Gari la moshi halikuja. Mjini kulikuwa na wenye silaha, na porini kulikuwa na wenye silaha wengine. Mwanamume akitoka mjini kwenda shambani, wa mjini walimwita mpelelezi wa pori, na wa pori walimwita mpelelezi wa mji. Akirudi amekufa, kila upande ulisema ni wa upande ule mwingine. Kwa hiyo waume walikaa ndani, na wanawake tukatoka. Si kwamba sisi hatukuguswa. Yaliyowapata wanawake kwenye njia zile nayajua, na siyaandiki hapa. Lakini njaa ilikuwa nyumbani na mchele ulikuwa upande wa Kampene, na baiskeli zote zilikuwa zimeshachukuliwa na wenye bunduki.

Tulibeba kwa mukaba. Asiyejua kwetu aelewe hivi: kitunga kinakaa mgongoni, na ukanda wa gamba la mti, ndio huo mukaba, unakizunguka kitunga kwa nyuma na kuja kupita juu ya paji la uso. Mabega hayabebi kitu. Mzigo wote unaning'inia kwenye paji la uso, na shingo ndiyo inayouvuta. Yaya alinifundisha kuinua mkono wa kulia na kuushika mukaba pembeni ya sikio, ili paji la uso lipumue kidogo. Hivyo ndivyo tulivyotembea, yeye mbele mimi nyuma, kila mmoja na mkono wa kulia juu, kama watoto wa shule wanaojua jibu. Kwenda tulibeba chumvi na sabuni. Kurudi tulibeba mchele na mafuta ya mawese.

Kutembea hakukuwa kubaya sana. Kubaya kulikuwa kusimama. Kwenye kizuizi cha wenye bunduki hukuruhusiwa kutua mzigo mpaka wamalize kukuuliza na kukupekua, na wao hawakuwa na haraka. Ukisimama, mzigo unazama. Nilisikia shingo yangu ikilia ndani, kweli ikilia, kama mlango wa zamani, na mkono wangu ukiwa juu ukiwaka moto halafu ukifa. Yaya alikuwa akinisemesha bila kugeuka: "Pumua, mudogo. Pumua tu." Mzigo wake sikuzote ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Nikijaribu kupunguza wa kwake na kuongeza kwangu, alinipiga kofi mkononi.

Siku moja, katikati ya safari, tulimkuta mwanamke amelala kwenye majani pembeni mwa njia. Kitunga chake kilikuwa kitupu kando yake, mukaba bado upo kwenye paji la uso. Alikuwa amekaa pale siku kadhaa. Mimi nilisimama. Yaya, ambaye nilimwona akibishana na mwenye bunduki juu ya kikombe cha chumvi bila kupepesa macho, aligeuza uso kwenye miti akafumba macho. Aliogopa maiti. Aliwaogopa tangu utotoni. Hata mama yetu alipofariki alikaa nje uani, hakuingia kumwona. Nilitua mzigo wangu, nikautoa ule mukaba kwenye kichwa cha yule mama, nikamfunika kwa majani ya migomba, nikasema maneno niliyoyajua. Zaidi ya hapo hatukuweza. Tulipoanza tena kutembea, yaya alisema, macho yake mbele:

"Mimi sitaki kufa bila kuoshwa. Niapie. Utaniosha weye, si muntu mwingine."

"Na mimi nikitangulia?"

"Weye hutatangulia. Mimi njo mukubwa. Niapie."

Nikaapa, mkono wa kulia ukiwa juu kwenye mukaba. Vita ilipoisha nilikwenda kwa wanawake waoshaji na kuomba wanifundishe. Yule mama wa njiani alinipeleka kwao, sikutumwa na mtu mwingine.

Sasa rudi kwenye mkono wangu. Nilipoona unaangusha vikombe, nilikwenda hospitali, binti yangu nyuma yangu akiongea njia nzima. Munganga, yaani daktari, alikuwa kijana mpole. Kwanza aliniambia nitabasamu, ninyanyue mikono yote miwili, niseme jina langu. Alitaka kujua kama ni mshipa wa kichwani umepasuka. Akapima presha, akapima sukari, akasikiliza moyo, akauliza kama kifua kinabana. Kisha akanigeuza shingo taratibu huku na huku, na alipoielekeza kulia na kuibonyeza kidogo, siafu wote walishuka mkononi kwa mbio nikapiga kelele.

"Mama, ulibebaka nini kwa kichwa?" aliuliza.

"Vita," nilimjibu.

Hakucheka. Alipiga picha ya mifupa, akaitundika mbele ya dirisha, akanionyesha mahali ambapo mifupa ya shingo yangu imesagika na kukaribiana, na mshipa wa fahamu unaotoka pale kwenda mkononi umebanwa katikati. Alisema shingo haiwezi kurudi kuwa kama ya msichana. Alinipa vidonge na mazoezi ya shingo, akanikataza kubeba hata ndoo, akasema mdomo ukipinda au mkono ukifa kabisa ghafla nikimbie kwake bila kungoja. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu, akaongeza kwamba inaweza kuwa mizigo ile, inaweza kuwa umri tu, inaweza kuwa vyote pamoja.

Laiti asingekuwa mwaminifu. Binti yangu alitoka hospitali na neno moja tu mkononi.

"Inaweza," alisema. "Munganga mwenyewe hajue. Anasema inaweza. Na mimi nasema inaweza kuwa ile baridi."

Neno hilo lilizunguka mtaa na maandazi yake. Siku chache baadaye mkubwa wetu waoshaji, mama mwenye huruma ambaye sina ubaya naye, alikuja akakaa barazani, akanywa chai yote, ndipo akasema nipumzike. Wenye misiba walikuwa wanaogopa. Hawataki mkono uliochukuliwa na maiti umguse maiti wao. "Mpaka upone," alisema. Tuliangaliana. Alijua hautapona, nami nilijua anajua.

"Na yaya?" niliuliza.

Aliangalia kikombe. "Tutamwosha sisi, mudogo wangu. Tutamwosha vizuri."

Usiku huo nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Niliukasirikia mkono wangu kana kwamba ni mtu aliyenisaliti. Niliubana, niliuuma. Haukusikia.

Binti yangu ndiye aliyesema kwamba yaya lazima aambiwe, ili asife akingoja jambo lisilokuwepo. Nilimkatalia, akaenda. Nikavaa viatu nikamfuata, kwa sababu nilijua atalisemea mlangoni ili mtaa mzima usikie.

Tulimkuta yaya ameketi ukutani, miguu yake juu ya kiti kidogo, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kwa pini. Hata alipokuwa akifa alipenda kupendeza. Binti yangu alimsalimu kwa adabu, akapiga goti, kisha akamweleza yote: ganzi, msiba ule usiojulikana, moto usiootwa, maneno ya mkubwa wa waoshaji. Yaya alisikiliza bila kumkatiza, kitu ambacho si kawaida yake.

"Kwa hiyo mukono ya mama yako ilikufa juu ya kuosha maiti," alisema.

"Ndiyo, mama mukubwa."

"Kuya hapa karibu. Angalia muzuri."

Alichomoa ile pini kwenye kitambaa cha kichwa. Akaweka mkono wake wa kulia juu ya paja, kiganja juu, na kwa mkono wa kushoto akachoma kidole gumba. Hakukigusa tu, alichoma, pini ikaingia. Damu ikatoka tone. Akachoma kidole cha pili. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayeshona nguo. Binti yangu alishika mdomo.

"Unasikia kitu, mama mukubwa?"

"Sisikie. Nimeacha kusikia zamani, weye ukiwa bado mudogo." Alifuta damu kwenye kanga yake. "Sasa uniambie. Mimi niliosha maiti gani?"

Mtaa mzima unajua kwamba yaya hajawahi kugusa maiti. Akisikia kilio nyumba ya tatu, alikuwa akifunga dirisha. Kama ipo baridi inayokaa mkononi mwa muoshaji, haikuwa na njia ya kumfikia yeye.

"Njo ile mukaba," yaya alisema. "Mukaba ya njia ya Kampene. Enda useme hivyo kwa sauti ile unayouzia mandazi."

Binti alikaa chini sakafuni. Lakini mimi sikuwa namwangalia yeye. Nilikuwa nauangalia mkono wa yaya, na hasira ikanipanda. Miaka yote hiyo tumekula sahani moja. Nilimwona akishika kijiko kwa ngumi, nikamtania kwamba anakula kama mtoto. Nilimwona akimwomba mtu amfunge vifungo, nikasema anadeka.

"Yaya, ilianza wakati gani?"

"Zamani."

"Wakati gani?"

Alirudisha pini mahali pake, polepole, kwa mkono wa kushoto. "Tukingali njiani. Kwenye kizuizi siku ile walitusimamisha mpaka jua likazama. Mukono ilishuka, haikurudi."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningekuambia," alisema, "ungebeba yako na yangu."

Nilikwenda uani nikasimama karibu na ndoo za majirani, na nililia pale hadi mjukuu wa jirani akaja kuniuliza kama nimepoteza kuku.

Yaya alifariki mvua zilipoanza, kabla ya adhuhuri, akiwa ameomba chai na kabla chai haijafika. Neno la mukaba lilikuwa limeshazunguka mtaa na maandazi ya binti yangu, na hakuna aliyekuja kunieleza nani atamwosha. Binti yangu ndiye aliyekuja kunichukua. Alikuwa ameshabeba ndoo yangu, kafuri yangu, vitambaa vyangu. "Mimi nitamimina," alisema, chini chini, sikuijua sauti yake. Mkubwa wa waoshaji alisogea kando akanipisha nisimame upande wa kichwa.

Maji ya kumwosha maiti yawe ya uvuguvugu, na mimi daima nimeyapima kwa mkono wa kulia. Nilitia mkono kwenye ndoo, sikujua lolote. Nikamwangalia binti yangu. Akatia wake, akatikisa kichwa, akaongeza ya baridi, akatia tena, akaniambia sasa yako sawa. Nikaanza.

Mkono wa kushoto niliuvika kitambaa, kama inavyotakiwa, na wa kulia ulikwenda mtupu. Ulipita kwenye uso, kwenye shingo ile, kwenye bega, ukishuka kwenye mkono wake wa kulia hadi kwenye vidole vilivyochomwa pini. Katika kazi hii nimezoea maiti kunijulisha kwa baridi yake kwamba ameshakwenda. Ukimgusa tu, unajua, na moyo unatulia ufanye kazi. Yaya wangu hakunijulisha. Kwenye paji la uso wake kulikuwa na bonde dogo, toka upande mmoja hadi mwingine, ambalo mukaba ulilichimba na amani haikulijaza. Niliweka vidole vyangu humo. Hapakuwa na baridi, hapakuwa na joto. Kwa mkono ule angeweza kuwa amelala tu. Nikamwosha hivyo, kwa utulivu, hata wenzangu wakashangaa ujasiri wangu. Haukuwa ujasiri.

Mwishoni ni nywele. Mwanamke husukwa misuko mitatu na kulazwa nyuma. Vidole vyangu vya kulia havikuweza kushika nywele zile chache, ziliteleza nisijue. Nikavua kitambaa mkono wa kushoto, nikaupitisha chini ya kisogo ili nikiinue kichwa, binti yangu apate kusuka.

Mkono wa kushoto ndio ulioniambia. Baridi ilipanda yote kwa mara moja, hadi kwenye kiwiko, hadi kifuani, na nikajua kwamba dada yangu amekufa. Nilisikia sauti ikitoka kwangu. Wenzangu walitaka kuninyang'anya kichwa chake, wakisema inatosha, nipumzike.

"Mumwache," binti yangu alisema, huku akisuka. "Atabeba mwenyewe."

Nilikishika mpaka akamaliza msuko wa tatu. Kisha tukaenda kwenye mbabula, sote wawili, naye akaushika mkono wangu wa kulia juu ya makaa, kwa sababu mimi nisingejua ukiungua.